Mianzi ya Bibi Ukingoni mwa Mto

Waliokuwapo nitawataja kwanza, maana majina ndiyo yaliyobaki kamili kichwani mwangu. Alikuwapo bibi Semeni, mzaa baba, mwenye nyumba. Alikuwapo baba yangu Yeremia, kifungua mimba wake, na baba mdogo Eliasi, mgema ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mama yangu Tabea alikuwa jikoni. Jirani yetu Yoramu alikuja na wanawe. Na mimi, binti wa kuchota maji. Wote hao wametangulia, nimebaki peke yangu.

Nimewakumbuka juzi, nilipokwenda kumwona mjukuu wangu kule Kitandililo, hapa hapa Makambako. Korongo limekula uwanja wake wa nyuma mpaka karibu na choo. Amepanga viroba vya mchanga, na pembeni kachomeka vipande vya muanzi ili viote. Nikavitazama hivyo vipande mpaka chai ikanipolea mkononi.

Nyumba ya bibi ilikuwa Matembwe, enzi za Mwingereza. Babu aliijenga mbali na maji, ndivyo walivyosema, lakini mto ukawa unasogea kila masika. Kati ya nyumba na mto lilikuwapo kaburi la babu, na baada ya kaburi, mianzi aliyoipanda mwenyewe ili mizizi ishike udongo. Bwana shamba alipopita kuhimiza matuta, baba akamwonyesha ukingo ulivyomegeka. Yule bwana akasema tuhame. Bibi akamuuliza, "Na huyu aliyelala hapa, tumbebe naye?" Bwana shamba akapanda baiskeli yake.

Basi kila masika tuliita mgowe, ile kazi ya kusaidiana, watu waje kubeba mawe na kupigilia nguzo ukingoni. Na mgowe, rafiki yangu, hauitwi kwa mdomo mtupu. Lazima ulanzi uwepo. Mwalimu wa kanisani aliukemea Jumapili, na siku ya kazi alipita njia ya mbali ili asituone. Sisi watoto tulipewa mtogwa, ule wa asubuhi, mtamu, ambao haujachacha. Hadi leo naisikia ile harufu ya majani mabichi, na nyuki waliozama ndani ya mbeta, kile kikombe cha muanzi kinachofungwa kwenye chipukizi kukinga utomvu.

Mianzi ya kugema ilikuwa juu, mteremkoni. Ya mtoni bibi hakutaka iguswe, kwa sababu chipukizi likishakatwa ncha haliwi muanzi tena. "Gemeni huko juu mpaka mchoke," alikuwa akisema. "Huu ni ukuta wangu."

Mwaka ule moto wa kiangazi ulipita mteremkoni, ukateketeza mianzi ya juu yote. Masika yakaingia, mto ukamega kipande kikubwa, maji yakawa yanasikika kaburini.

"Mama," baba akasema, "tugeme ya mtoni. Mwaka huu tu."

"Mbomoe ukuta ili mjenge ukuta?"

"Bila watu mawe hayaji. Bila ulanzi watu hawaji."

Yoramu alikuwa amekaa mlangoni. "Mama Yeremia, mimi jiwe nalibeba hata kwa maji ya kunywa. Ila hawa wanangu, koo zao hazikubatizwa."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Na ya kwako ilibatizwa lini, shemeji?"

Wakacheka. Bibi hakucheka. Alimtazama baba mdogo, aliyekwisha kushika kisu chake cha kugemea. "Haya. Ni nyumba yenu pia," akasema, akaingia ndani.

Kazi ilikwenda vizuri, siwezi kudanganya. Watu waliimba, mawe yakapangwa, tukala ugali na maharage huku manyunyu yakitulowesha migongo. Ukuta uliposimama, wanaume waliupigapiga kwa miguu kama wanaonunua ng'ombe.

Lakini mianzi haikupata watoto mwaka ule. Ile mikuukuu ikakauka masika yaliyofuata, na wa kuirithi hawakuwapo. Mizizi ikaoza, udongo ukalegea, na mawe yetu yakateremka mtoni moja moja. Tukang'oa milango na boriti, tukahamia juu. Bibi akawa anashuka kila asubuhi kulifagia kaburi. Siku moja alirudi mapema. Akausimamisha ufagio nyuma ya mlango, akasema, "Hakuna cha kufagia," akakaa kumenya maharage. Baba mdogo Eliasi hakugema tena.

Mjukuu wangu nilimwonya asiache watu wakate machipukizi yake. Akaniambia, "Bibi, siku hizi hapa nani anagema?"

Nimesema nilivyokumbuka. Majina nina hakika nayo. Ila kichwa cha kaburi, sijui kama kilielekea mlangoni au mtoni. Nikifumba macho nakiona mara huku, mara kule. Kama yupo aliyefika kwetu siku zile, anisahihishe. Ningekwenda kutazama mwenyewe, lakini pale sasa ni maji.