Shuka Lenye Pande Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa shuka nikalifue. Nilikuwa nimevaa gauni la Jumapili, cheti changu cha kidato cha nne kimo kwenye bahasha, nimejiandaa kuketi nyuma ya meza. Opereta Mkuu wa kitengo cha sinema hapa Musoma hakuifungua hata hiyo bahasha. Aliniwekea mikononi shuka jeupe zito, lenye pete za chuma pembeni, akaniuliza jina.

"Nyangeta, mzee."

"Sasa Nyangeta, hiyo ndiyo skrini. Ikiwa na doa, kila Mzungu atakayepita hapo atakuwa na doa usoni. Ziwa liko pale."

Ilikuwa miaka ya foleni, ninyi wadogo mnaisikia tu kwa wazazi wenu. Sabuni ilikuwa inatafutwa kama dawa. Nililifua shuka lile kwa majani ya mpapai, nikalianika juu ya mawe, nikarudi nalo jioni likiwa jeupe na vidole vyangu vimekuwa vya kijani. Opereta Mkuu aliligeuza huku na huku, akasema, "Kesho njoo na viatu vya kutembelea." Nilifurahi hadi nikakosa usingizi. Nilikuwa nimeajiriwa.

Niwaeleze kazi yenyewe. Tulikuwa na Landrova moja, na ndani yake jenereta, spika mbili, kipaza sauti, na projekta, yaani ile mashine ya kurusha picha. Filamu ilikuwa utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu la bati tuliloliita rili. Ikikatika, unakwangua ncha mbili kwa wembe, unapaka gundi, unazibana huku watu wanapiga miluzi. Opereta Mkuu alishika mashine, Dereva alishika usukani na jenereta, na mimi nilikuwa msemaji. Kazi ya msemaji ni kusimama kando ya projekta na kipaza sauti, na kuyageuza maneno ya kwenye filamu kuwa Kiswahili papo hapo.

"Usimtangulie Mzungu," Opereta Mkuu aliniambia. "Aseme kwanza, watu wamwone mdomo, ndipo wewe useme. Na usicheke. Ukicheka wewe, wao watacheka nini?"

Kwa kawaida tulionyesha filamu za serikali: namna ya kupanda pamba kwa mistari, namna ya kuchemsha maji. Watu walikuja kwa adabu na kuondoka mapema. Kisha mtaalamu mmoja Mwingereza wa mradi wa maji akamaliza mkataba, akatuachia sanduku la rili. Ndani yake mlikuwa na vipande sita vya vichekesho vya televisheni ya kwao. Navikumbuka vyote hadi leo.

Vilihusu duka la dobi katika mji mdogo wa huko. Mwenye duka alikuwa mjane mnene mwenye mikono minene. Mkwe wake wa kiume, mwembamba, anaishi nyumbani kwake na kumpigia pasi nguo za wateja, na kila siku anaharibu kitu. Anaunguza suruali ya mchungaji, anachanganya soksi nyekundu na mashuka ya hoteli. Mjane anamtandika kwa taulo lililolowa. Ni hayo tu, kila kipande. Watu wetu wakawabatiza siku ya kwanza: yule mama akawa Mama Povu, na mkwe akawa Bwana Pasi.

Kiriba ndiko tulikoanzia, kijijini kwa mama yangu mzazi. Mashine ya kufulia ilipofurika kwenye filamu na povu likajaa dukani hadi kwenye madirisha, nilisubiri watu wacheke. Hawakucheka. Kisha mama mmoja akaniita kutoka gizani, "Wee Nyangeta, rudisha hapo pa povu tuone tena."

Walikuwa wanaitazama sabuni. Sabuni yote ile, inamwagika mlangoni, inakanyagwa. Opereta Mkuu aliirudisha rili kwa mkono, jambo ambalo hakukifanyia kipande chochote cha pamba, tukaliangalia povu upya kwa heshima. Safari ya pili ndipo wakacheka, na hawakuacha tena. Toka siku hiyo hatukufika mahali bila kuulizwa, "Mama Povu mmekuja naye?"

Jambo jingine lililowasumbua ni kicheko. Filamu zile zilikuwa na kicheko ndani yake, cha watu wasioonekana. "Hao wanaochekaga huko ni akina nani?" mzee mmoja aliniuliza. Nikamjibu ni Wazungu waliokuwepo siku ya kupiga picha. Akatikisa kichwa, akasema nao wametembea mbali kuja kutazama. Mimi nilikipenda kicheko kile, maana kilinipa nafasi ya kupumua.

Sasa nije kwenye kiini. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja. Hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Siyo ugomvi, ni heshima, na mwenye kuivunja huona aibu mwaka mzima. Sasa fikirini uwanja mmoja, kijiji ambacho kila mtu kaoa kwa jirani, na shuka moja. Siku za mwanzo kina mama wakubwa walikuwa wanabaki nyumbani, wanasikiliza kicheko kwa mbali. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyeniambia, "Wewe unasema kwenye kipaza sauti, mwanangu, na mimi nasikia sauti yako tu. Huyo Mama Povu amenenepaje, sijui."

Maneno hayo yaliniingia. Nilimweleza Opereta Mkuu. Alifikiri, akachukua ndoo, akalirushia shuka maji hadi likalowa lote, kisha akaniambia niende nyuma yake. Nikaona. Shuka likilowa, picha hupenya upande wa pili, hafifu kidogo lakini nzima. Siku iliyofuata tukasimamisha nguzo katikati ya uwanja. Wakwe wa kiume na watu wengine mbele, kina mama wakwe nyuma, na kati yao shuka bichi. Mama alikuja na kigoda chake, akaketi nyuma, akamwona Mama Povu. Nilikuwa nimekatazwa kucheka, lakini kulia hakuna aliyenikataza.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kuanzia hapo, Kiriba, Kigera, Bunda, hadi Butiama. Na Butiama ndiko ulikozuka ule ubishi. Wa mbele waliona Mama Povu anapiga kwa mkono wa kulia. Wa nyuma, kwa kuwa picha kwao imegeuka, waliona anapiga kwa wa kushoto. Wakabishana kupitia shuka, wakwe na mama wakwe wasioweza kutazamana, wanazungumza kwa furaha kuliko harusini.

"Mama, huyu ni wa kulia!"

"Baba, wewe umekaa vibaya. Ni wa kushoto."

Mama yangu alishikilia wa kushoto hadi alipofariki. Nilimweleza mambo ya picha kugeuka, akanisikiliza, akaniambia nami sijawahi kukaa huku nyuma, kwa hiyo sijui. Na kweli sikuwahi, zaidi ya kuchungulia siku ile ya ndoo. Msemaji husimama kando ya mashine, mbele, miaka yote.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Sabuni ikajaa madukani, za rangi na za kunukia, mitumba ikafika kwa marobota, na video zikaingia. Opereta Mkuu alistaafu, na ofisini akaja Afisa Utamaduni mpya, kijana msomi, mcheshi, mzaliwa wa Butiama. Nilimpenda, lakini alinitisha. Wiki ya kwanza alituita mimi na Dereva, akasema, "Mama Nyangeta, Landrova inakunywa dizeli kuliko hospitali. Tutanunua televisheni na deki ya video. Landrova na mashine yake vitapigwa mnada." Vile vipande sita alikwishavituma Dar es Salaam vikahamishiwa kwenye kaseti.

Nilimuuliza, "Na kina mama wakwe, bwana Afisa?"

"Wataketi kama watu wengine. Dunia imebadilika, mama."

Nilirudi nyumbani nikiwa mgonjwa kwa hasira. Kazi yangu ningepewa nyingine, hilo sikulihofia. Nilichohofia ni wale waliokaa nyuma. Televisheni ni sanduku. Nyuma yake kuna nyaya na ukuta.

Uzinduzi ulipangwa kwenye ukumbi mmoja wa Kabasa, pale Bunda, mchana, mapazia yamefungwa. Mlango ulikuwa mmoja, na televisheni iliwekwa mezani upande wa pili, mbali na mlango. Afisa alituamuru tuje na Landrova pia, watu waione kwa mara ya mwisho. Akasimama kando ya sanduku lake akatoa hotuba nzuri. Akasema tunaagana na shuka. Akasema hapa hakuna kukwangua filamu kwa wembe, na mtu akitaka kuona tena, "unabonyeza hapa tu, inarudi nyuma yenyewe." Watu wakapiga makofi. Akabonyeza, Mama Povu akatokea mdogo kama sungura, na wakati huohuo mlango ukafunguliwa wakaingia kina mama wa kwaya. Aliyetangulia ni mama mkwe wa Afisa Utamaduni.

Afisa alikuwa ameoa Kabasa. Sote tulijua, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa amesahau kwa dakika chache kwa ajili ya hotuba. Mama yule, kwa kuwa ni mtu mzima anayeheshimiwa, alipishwa benchi la mbele kabisa. Nilimtazama bosi wangu. Mlango uko kule, mkwe yuko hapa. Akafanya kitu kimoja alichoweza: akapiga magoti nyuma ya meza ya televisheni, akajikunja kati ya nyaya na ukuta.

Na kipande chenyewe kilikuwa kile ambacho Bwana Pasi anajificha nyuma ya rundo la nguo chafu na Mama Povu anamtafuta. Nilishika kipaza sauti nikaanza kusema. Ukumbi wote ulijua, mabenchi yalikuwa yanatikisika. Dereva alitoka nje akachekee huko. Mama mkwe peke yake ndiye aliyetulia, anatazama picha, anapanguza macho kwa kitambaa.

Kipande kilipokwisha nilishukuru Mungu. Lakini yule mama akainua mkono. "Nyangeta, rudisha hapo pa nguo chafu. Nimesikia mnarudishaga kwa kubonyeza tu."

Nikarudisha. Tukaangalia. Akaomba tena. Nikarudisha tena. Safari ya tatu niliona mguu wa bosi umechomoza chini ya kitambaa cha meza, umekufa ganzi, kiatu kinacheza peke yake. Huruma ikanishinda. Nilimfuata Dereva, tukalichukua shuka kwenye Landrova, tukaingia nalo tumelishika ncha mbili, limekunjuka, kama watu wanaotoa pazia kwenda kufuliwa. Tulipita nyuma ya meza, tukarudi taratibu kando ya ukuta hadi mlangoni. Upande wa pili wa shuka alitembea Afisa Utamaduni wa mkoa, ameinama.

Baadaye nilimsindikiza yule mama nyumbani kwake, nikamwomba radhi kwa vurugu za shuka. Akacheka.

"Nilimwonaga toka naingia, mwanangu. Ningetoka, angeaibika mbele ya watu. Nikasema nikae, nisimwone."

"Lakini mara tatu, mama?"

"Ah, pale ni patamu. Halafu alisema ni kubonyeza tu."

Afisa alikuwa ameketi ndani ya Landrova, anasugua goti. Nilingoja anifukuze. Tukiwa tumeiacha Bunda mbali akasema, "Mama Nyangeta, hii gari haipigwi mnada." Tulipokaribia Musoma akaongeza, "Na hilo shuka, nunua sabuni nzuri." Nilitaka kumkumbatia, ila alikuwa bosi.

Tuliendelea miaka kadhaa. Kilichotuua hatimaye ni taa ya projekta, iliungua na haikupatikana nyingine nchini. Nilimalizia utumishi wangu katika chumba cha vitabu, kazi ya kimya, nikastaafu kwa keki na khanga. Watu huniuliza kama najuta kutopewa meza mapema. Nawaambia ukweli: hakuna bosi wa meza aliyewahi kusikia uwanja mzima wa Butiama ukimcheka Bwana Pasi kwa maneno anayoyasema yeye kwenye kipaza sauti. Nilikuwa na furaha kazini, na ninawaombea ninyi vijana mpate walau nusu yake.

Sasa naishi Kigera. Binti yangu Ester ameolewa na kijana anayeitwa Masatu, na Masatu ni mkwe wa heshima, sijawahi kumwona uso zaidi ya siku ya harusi kanisani. Mwezi uliopita Ester alikuja akaniambia niandae kigoda, tunakwenda kwake. Jua lilikuwa limezama. Uani nikakuta shuka jeupe limetundikwa kati ya nguzo mbili, linadondosha maji. Masatu alikuwa amevipata vile vipande kwenye mtandao, akaazima projekta ndogo ya kanisani. Ester alikuwa amemsimulia yote, hata ndoo.

Nikawekewa kigoda upande wa nyuma. Mimi, nyuma. Povu likafurika, na wale Wazungu wasioonekana wakacheka kicheko kilekile. Mdomo wangu ukaanza kusema wenyewe, bila kipaza sauti, nasubiri Mzungu aseme kwanza. Upande wa pili nikamsikia Masatu akicheka kwa nguvu, mara ya kwanza naisikia sauti ya kicheko chake, na ni kicheko kizuri, Ester amepata mtu. Kisha Mama Povu akainua taulo.

"Mama," Masatu akauliza kupitia shuka, "huko anapiga kwa mkono gani?"

Nilikuwa namwona mama yangu na kigoda chake, Kiriba.

"Wa kushoto, baba," nikasema. "Ni wa kushoto kabisa."