Msamaha Alioupeleka Kibara

Kila Jumatano ya Majivu, mtaa wetu wa Mwisenge, hapa Musoma, ulijua fundi cherehani Chrispin Magesa ameacha nini kwa Kwaresima ya mwaka huo, kwa sababu alitutangazia mwenyewe. Mwaka mmoja aliacha sukari, na kila mteja aliyeleta kitenge alielezwa jinsi chai isiyo na sukari inavyokwaruza koo. Mwaka uliofuata aliacha soda, ingawa mkewe, Esta, alituambia pembeni kwamba mumewe hajanunua soda tangu binti yao Grace abatizwe. Mwaka jana aliacha nyama siku zote arobaini, akanuna mpaka wateja wakaogopa kuulizia nguo zao.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukiacha. Ni hasira aliyokuwa nayo kwa mdogo wake, Bernado, anayeishi Kibara, kando ya ziwa.

Hasira hiyo ilianza miaka tisa iliyopita kwenye harusi ya Grace. Bernado, kama baba mdogo wa bibi harusi, alipewa kipaza sauti atoe nasaha. Badala ya nasaha akawasimulia wageni kwamba huyo baba wa bibi harusi wanayemwona mbele na tai yake, alipokuwa darasa la nne alifukuzwa na bata dume, akakimbilia chooni na kujifungia humo mpaka mama yao aliporudi kutoka shamba. Ukumbi mzima ulicheka. Wakwe ndio waliocheka kuliko wote, na mmoja wao aliondoka akimwita "Mzee Bata". Tangu siku hiyo Chrispin hakuongea na mdogo wake.

Mwaka huu, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, baada ya Njia ya Msalaba, alikwenda kuungama. Siri ya maungamo inamfunga padre, haimfungi fundi, kwa hiyo kabla jua halijazama tulikuwa tumeshasikia yote. Padre alisikiliza dhambi zake ndogondogo, kisha akamuuliza kama kuna mtu asiyeongea naye. Chrispin akasema yupo mmoja, ila mwenye kosa ni huyo mwingine.

"Basi nenda kamsamehe," padre akamwambia. "Hicho ndicho kitubio chako."

"Padre, Kibara ni mbali. Siwezi kusali rozari? Hata tano?"

"Rozari utasali njiani."

Kesho yake Esta alimpigia pasi shati jeupe, naye akapanda basi mpaka Bunda, na pale akapata gari la Kibara. Hatujui rozari alisali ngapi. Tunachojua ni kwamba njia nzima alikuwa anapanga maneno yake: "Bernado, mimi kama mkubwa wako, na kama Mkristo, nimekusamehe." Aliyapenda, hasa hapo kwenye "mkubwa wako".

Alimkuta Bernado kwenye bustani karibu na ziwa, anamwagilia nyanya. Alikuwa amekonda na kichwa kimejaa mvi.

"Karibu, kaka," Bernado alisema bila kuacha kumwagilia. "Kiti kile pale."

Chrispin hakukaa. Alisimama wima katikati ya matuta, akatoa maneno yake yote bila kukosea hata moja.

"Umenisamehe nini?" Bernado akauliza.

"Ile hotuba yako. Harusi ya Grace. Ile ya bata."

"Bata?"

"Alikuwa bata mkubwa," Chrispin alisema.

Bernado akaweka ndoo chini. "Kaka, mimi nilidhani umekuja kwa ajili ya Wegesa."

Wegesa alikuwa mke wa Bernado. Kabla ndugu hawa hawajanuniana, Chrispin alikuwa anamshonea gauni kila Krismasi, maana mabega yake yalikuwa mapana na mafundi wengine waliyakosea. Figo zilimsumbua mwaka mzima, akafariki miaka mitatu iliyopita. Siku ya mazishi Chrispin alifika kwa bodaboda aliyokodi Bunda, akasimama kule barabarani mpaka kaburi lilipofukiwa, kisha akageuza. Hakumpa mfiwa hata mkono. Aliporudi alituambia, "Nilihudhuria," na sisi majirani, Mungu atusamehe, tuliitikia tu.

"Nilikuona," Bernado alisema. "Nilikuwa nageuka kila saa kukutazama. Nikasema, huyu atakuja tu, mtu hawezi kutoka Musoma aje asimame barabarani. Halafu ukapanda pikipiki." Aliinama akang'oa gugu moja tutani. "Na gauni la kumzikia tulinunua dukani. Lilimbana mabegani. Akina mama wakalichana mgongoni ndiyo likaingia."

Chrispin alikaa. Kiti kilikuwa mbali, akakaa hapohapo kwenye tuta na shati lake la pasi, akalia kwa sauti kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nilikuja hapa na msamaha wangu kama mfalme, kumbe mkosaji ni mimi."

Ningependa kuwaambia walikumbatiana. Bernado alisema, "Kaka, umenikalia nyanya." Kisha akamwinua kwa mkono. "Kusema nimekusamehe, leo siwezi, nitakuwa nakudanganya. Ila usiondoke na njaa."

Wakala ugali wa muhogo na samaki wadogo wa furu, kila mmoja akitazama sahani yake. Wakati wa kuaga Chrispin akauliza, "Nirudi?"

"Njia si unaijua."

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Mara ya pili alipewa jembe, mikono yake iliyozoea sindano ikatoka malengelenge, na Bernado alimkosoa namna ya kulima kwa raha ambayo hakuificha vizuri. Mara ya tatu walikwenda kung'oa majani kwenye kaburi la Wegesa. Bernado alieleza mwaka ule wa ugonjwa wote, hospitali hadi hospitali, na Chrispin alisikiliza bila kumkatiza. Kwa anayemfahamu, hiyo ni funga ngumu kuliko ya nyama.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, Bernado alimsindikiza mpaka kwenye gari, akamshika mkono asiuachie.

"Nimekusamehe, kaka. Nilikuwa naamka nacho hicho kitu kifuani, nalala nacho. Nimechoka kukibeba."

Chrispin naye akaukamata mkono huo kwa mikono yake miwili. Kondakta ndiye aliyewaachanisha.

Walikubaliana Bernado aje Musoma kula Pasaka. Jumapili hakuonekana. Chrispin aligeuka kutazama mlango wa kanisa mpaka waumini wa nyuma yake wakadhani wamekosea nguo, na mchana pilau ikapoa yeye akiwa amevimba kwa hasira.

"Unaanza tena?" Esta akamuuliza.

"Sijaanza. Nimeshangaa tu."

Bernado alifika Jumatatu asubuhi na ndoo ya samaki, sato watupu, akasema jana alikosa usafiri. Wakakaa barazani mpaka alasiri. Sisi majirani tulipita pale mara mbili mbili bila shughuli, na kila aliyepita aliitwa aje kusalimia. "Huyu ni mdogo wangu," Chrispin alisema, kana kwamba amezaliwa jana.

Bernado alikaa siku nne. Siku ya tatu Chrispin akaja kutulalamikia kwamba mdogo wake anakoroma vibaya sana na hataki kushauriwa. Esta aliposikia, akacheka, akasema hao sasa wamepona.