Swali la Mchanga na Ng'ombe wa Limi

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka hata ninapojitahidi kuisahau. Tulikuwa tumekusanyika mbele ya ghala la zamani la pamba, kijijini kwetu huku machimboni, upande wa Mwakitolyo, na mimi nikasimama kumuuliza diwani swali. Diwani mwenyewe alikuwa Mayunga, rafiki yangu. Nilikuwa kijana bado, nina mikono ya kumshusha mtu duarani, shimo la kuchimbia dhahabu, na kumpandisha bila kuomba msaada, na nilidhani kusema kwa sauti kubwa mbele za watu ndiyo ujasiri wenyewe.

Nakuandikia kwa sababu nasikia na wewe unaye kiongozi uliyempigania kwa jasho lako, na sasa amekubali jambo ambalo hukumtuma. Sijui kama mimi ndiye wa kukushauri. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na nikaanza kuandika mambo yangu kwa sababu nikiyasema mdomoni yananitoka vibaya. Hata hili nimeliandika nikalifuta mara nyingi. Nisome taratibu, na pale utakapoona nimejipendelea, usinihurumie.

Mimi na Mayunga tulikuwa na duara moja. Yeye alishuka chini na nyundo, mimi nilibaki juu na kamba. Mtu anayekushikia kamba anajua mambo yako mengi, mwanangu. Anajua unavyopumua. Mchana dada yake mdogo, Limi, alituletea matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na maziwa ya mgando, akapiga magoti kunisalimia kama anavyomsalimia kaka yake. Wazazi wao walikuwa wamefariki, na Mayunga ndiye aliyemlea. Limi mwenyewe alikuwa na kazi yake kule mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, pamoja na akina mama wengine.

Nikueleze kidogo kuhusu mchanga, maana ugomvi wote ulikuwa hapo. Sisi tulitoa mawe, tukayapeleka kwa mwenye karasha, mashine ile ya kusaga mawe yawe unga. Tukausafisha ule unga kwa maji juu ya zulia, tukakamata dhahabu iliyokubali kukamatwa. Mchanga uliobaki uliitwa marudio, na ulibaki hapohapo kwa mwenye karasha. Zamani hakuna aliyeujali. Ilipokuja mitambo ya kuchenjua kwa dawa, tukagundua kwamba ndani ya mchanga ule tulikuwa tunaacha dhahabu nyingi, pengine kuliko tuliyoondoka nayo. Wenye makarasha wakanenepa. Akina mama wa mwaloni, waliokuwa wanasaga viroba viwili vitatu vya mawe ya kuokota, wakabaki na mikono iliyochubuka.

Uchaguzi ulipokaribia tukakaa mimi na Mayunga kwenye mdomo wa duara, tukasema mmoja wetu agombee. Yeye alikuwa amefika kidato cha nne. Mimi nilikuwa na maneno. Tukakubaliana agombee yeye, na wala hakunilazimisha, hilo nataka liandikwe wazi. Lakini yale maneno aliyotembea nayo kata nzima, "Mchanga ni wa mwenye mawe," yalikuwa maneno yangu. Niliyasema mimi nikiwa nakunja kamba, siku ambayo hatukupata kitu. Siku ya kwanza nilipomsikia anayasema jukwaani na watu wanapiga vigelegele, nilipiga makofi kama wengine. Ila kuna kitu kilinikaa kooni, na hakikushuka.

Akashinda. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipomjua Kulwa vizuri, maana Kulwa ndiye mimi. Nilianza kumwangalia Mayunga kama mtu anayetafuta kiroboto. Niliona mkanda wake mpya. Niliona wazee ambao juzi tu alikuwa anawaamkia, sasa wao ndio wanaotangulia kumsalimia, "Mheshimiwa, habari za safari?" Niliona anakaa siti ya mbele kwenye gari ya watu. Alipokuja duarani kunitembelea alivaa viatu vyeusi, akakunja suruali asichafuke, nami nikahesabu ule mkunjo kama dharau. Haukuwa dharau. Mtu yeyote mwenye akili angekunja suruali kwenye tope lile. Lakini wivu hauna subira ya kufikiri hivyo.

Kisha nikasikia kwamba bomani kwake wameingia ng'ombe. Wengi, weupe kwa wekundu, wamejaa mpaka mlangoni. Alikuwa ameniita nyumbani kwake siku hiyo kwenye sherehe, na mimi nilimtumia mtu aseme mgongo unaniuma. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Sikutaka kumwona akiwa katikati ya watu, basi. Kwa hiyo sikujua sherehe ni ya nini, na nikisema ukweli wote, sikutaka kujua.

Haukupita muda akaitisha mkutano pale ghalani kutuletea majibu ya mchanga. Akaeleza kwamba amekaa na wenye makarasha na wamefikia makubaliano. Mchanga utaendelea kubaki kwao. Ila watapunguza bei ya kusaga, na watatoa mabati ya darasa moja la shule ya msingi. Aliyasema haraka kidogo. Akina mama wa mwaloni hawakupiga vigelegele wala hawakuzomea. Walikaa mikono mapajani, wakimwangalia kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba na hajataja jina la marehemu.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kuuliza, na watu wote walinigeukia mimi, kwa sababu walijua maneno yale yalianza kwangu. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kuuliza mchanga, naapa. Lakini nilipomwona kasimama pale na mkanda wake, kikatoka kile kilichokuwa kooni.

Nikasema, "Mheshimiwa, wewe unatutangazia mabati, sisi tunaona ng'ombe. Boma lako lilikuwa halina hata ndama. Tuambie, hao ng'ombe umepewa na mwenye karasha yupi?"

Mayunga alinitazama, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sikuelewa wakati ule kwa nini.

"Kulwa," akasema taratibu, "hao ng'ombe wametoka Ushetu. Ni mahari ya Limi. Nilikualika, ukasema mgongo unakuuma."

Mtu mmoja nyuma akauliza kama ni mgongo au ni roho, na mkutano wote ukaangua kicheko. Hata mwenyekiti wa kijiji alificha uso kwenye kofia. Nikakaa chini. Mkutano ukafungwa watu wakiwa bado wanacheka, na kuhusu mchanga halikuulizwa neno hata moja. Makubaliano yakapita hivyohivyo, juu ya mgongo wangu.

Huku kwetu ng'ombe wa mahari hawanyooshewi kidole mkutanoni. Ukiwauliza wao umemuuliza binti. Nilikuwa nimesimama mbele ya kijiji na kusema, bila kujua, kwamba Limi ameolewa kwa rushwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nataka ardhi inifiche, lakini nikakuta bado nina nafasi ya kumwonea mwenzangu wivu: ana dada wa kuozesha, mimi sina. Ona moyo ulivyo.

Limi alinijia kabla hajaenda kwa mumewe. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa kwa hilo. Akapiga magoti kama siku zote, akasema shikamoo kaka. Nilishindwa kusema marahaba. Alikuwa na mkwaruzo mbichi kwenye kidole, wa mwaloni, na bado ni bibi harusi.

Akaniambia kwamba yeye alikuwa amekaa mstari wa mbele siku ile, amejifunga kitenge vizuri, anasubiri nimuulize kaka yake mchanga. Alikuwa tayari kupiga makofi hata kama kaka yake angemkasirikia. Ameosha mchanga ule misimu miwili, alisema, na alitaka kabla hajaondoka asikie mtu anaudai.

"Kaka Mayunga alikuja pale anaogopa swali moja," akasema. "Nyumbani alikuwa hali vizuri kwa sababu ya swali hilo. Wewe ukampa lingine, jepesi. Umemwokoa, kaka Kulwa."

Nikamwambia nisamehe, mdogo wangu, nilikuwa na wivu. Akasema hilo kijiji kizima kinajua, wala si habari. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo halijanitoka. Akasema nikaombe radhi kwa habari ya ng'ombe peke yake, halafu niulize mchanga peke yake, na nisivichanganye tena. Akainuka, akachukua kikapu chake. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwanangu, na sijapata mzee aliyenikaripia vizuri kuliko yeye.

Mkutano uliofuata nilienda. Ningependa kukuandikia kwamba wivu ulikuwa umeisha. Haukuwa umeisha. Mayunga alikuja na koti jipya na nililiona kabla sijamwona yeye. Lakini nilisimama. Nikaomba radhi mbele ya wote kwa kuwataja ng'ombe wa Limi, nikasema nilikosea na sikuwa na ushahidi wowote. Watu wakaitikia vizuri, wakadhani nimemaliza, wakaanza kuniambia nikae.

Sikukaa. Nikasema nina jambo la pili, na halihusiani na la kwanza. Yule mtu wa nyuma, naye alikuwepo, akadakia, "Huyo ana wivu tu, mwenyekiti. Mkalisheni."

Nikageuka nikamjibu, "Ni kweli, ninao. Sasa naomba tuulizane mchanga." Nikamgeukia Mayunga. "Ulituahidi mchanga utakuwa wa mwenye mawe. Umekubali ubaki kwao. Nani kati yetu alikuambia ukubali?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa mwaloni akasema, "Ajibu hilo." Akasema na mwingine. Mayunga alivua kofia. Nilidhani atazungukazunguka, na pengine wangekuwepo wa kumsaidia kuzunguka, maana alipendwa, na alistahili kupendwa. Lakini alisema, "Hakuna aliyeniambia. Nilikubali peke yangu."

Akaeleza, na mimi nitakueleza kama alivyosema, kwa sababu ni haki yake. Alisema wenye makarasha walikuwa wengi mezani na yeye alikuwa mmoja. Walimwambia wakibanwa watafunga mashine wahamie upande wa Geita, na mawe yetu yatakosa pa kusagwa. Akaogopa. Akaona afadhali arudi na kitu kidogo kuliko arudi mikono mitupu. Sikuona uongo machoni pake. Mimi mwenyewe, ningekaa kiti kile, sijui ningefanya nini, na nimejiuliza sana. Lakini kuogopa kwake hakukumpa ruhusa ya kutoa mchanga wa watu na kuuita ushindi.

Mkutano ukaamua kwamba makubaliano yale yakifika mwisho wa msimu hatakwenda mezani peke yake. Watakwenda naye akina mama wawili wa mwaloni, na kabla hajasema ndiyo, atarudi hapa ghalani kuuliza. Alikubali. Na msimu ulipoisha alifanya hivyo. Hatukupata yote. Wenye viroba vichache ndio walioruhusiwa kuondoka na mchanga wao, na wachimbaji wakubwa kidogo kama mimi tukaendelea kuuacha. Na mashine hazikuhama.

Siku moja baada ya hayo Mayunga alikuja duarani, akavua viatu vyake vyeusi, akakaa pale tulipokuwa tunakaa zamani. Akaniuliza kama siku ile ya ng'ombe nilimchukia.

"Nilikuwa na wivu," nikasema. "Bado ninao."

Akacheka sana. Akasema yeye naye hunionea wivu, kwamba mimi nalala bila kuulizwa na mtu. Sikumwamini sana, lakini nilimpa maji ya kunywa. Uchaguzi uliofuata nilimpigia kura tena, na mkutano wa kwanza baada ya kura nilisimama nikamuuliza tena.

Basi mwanangu, ninachokushauri ni hiki. Kabla hujasimama kumuuliza mtu wako, mvue kichwani mwako gari lake, koti lake na ng'ombe wake, umbakishe maskini kama mlivyokuwa pamoja. Kama swali bado limesimama, hilo ndilo lako, liulize hilo peke yake. Kama limeanguka pamoja na koti, kaa chini, ulikuwa unaliuliza koti. Usisubiri mpaka moyo wako utakate, maana hutauliza kamwe. Mimi nina mvi na wangu haujatakata. Na wakikuambia una wivu, usibishane nao. Kubali, kisha rudia swali lako. Msikilize akijibu, kwa sababu huenda aliogopa kweli, na aliyeogopa anahitaji watu wa kukaa naye mezani. Lakini kumpenda kusikufanye umsaidie kusahau alichoahidi.

Mungu akujalie sauti inayotosha kufika mbele ya mkutano, na jicho lisilochungulia bomani kwa mwenzako. Akupe na wa kukukaripia, hata awe mdogo kwako, apige magoti akiwa anakukaripia. Limi ana wajukuu sasa huko Ushetu. Ukipita kwake, umwambie kaka Kulwa bado anauliza mchanga peke yake. Wabeja, yaani asante, mwanangu. Nenda salama.