Milingoti ya Shangazi Anjelista

Ukipita kwenye yadi za mbao hapa Makambako siku inaposhushwa milingoti mibichi, yaani mikaratusi, utakutana na harufu kali inayopanda puani kama dawa ya mafua. Wengine huharakisha wapite. Mimi husimama, nikavuta pumzi, na mara nimerudi Lupembe, mtoto wa darasa la tatu, tope hadi magotini.

Mvua ilikuwa imechukua daraja letu dogo. Ng'ambo ya mto lilisimama lori la kiwanda, na upande wetu yalijaa makapu ya majani ya chai yaliyochumwa asubuhi ileile. Wakulima wa chai mnajua: majani mabichi yakilundikana hupata joto, hubadilika rangi, na kiwanda hakiyataki tena. Kwetu chai ndiyo ilikuwa chumvi, sabuni na sare za shule. Mama alikuwa anayapepea yale majani kwa mikono yake, kana kwamba ni mtoto mwenye homa.

Wanaume walijadiliana. Mmoja alisema daraja ni kazi ya halmashauri. Mwingine akasema tumsubiri mwenyekiti. Baba yangu akasema, "Penye wengi hapaharibiki jambo," kisha akakaa chini.

Ndipo akatokea Shangazi Anjelista, dada yake baba, akikokota gogo la mlingoti kwa kamba. Alikuwa mjane, hana shina hata moja la chai. Nyumba yake ilikuwa palepale juu ya mto, na magogo yale alikuwa ameyakata ili aezeke nyumba mpya.

"Kamwene," alitusalimu, kama mtu anayepita kwenda sokoni. Akalisukuma gogo hadi ukingoni, akageuka kufuata jingine.

"Anje, wewe chai huna," baba alimwita. "Unahangaikia nini?"

"Kwani mto huu unavukwa na chai peke yake?" alijibu bila kusimama.

 Baba akavua koti, akamfuata.

Baada ya hapo sikumbuki nani alianza na nani alifuata. Wanaume waliingia kwenye maji baridi ya kukata mifupa, wakapokezana magogo. Akina mama walisomba udongo. Sisi watoto tulibeba mawe kwa vikapu vya kuchumia chai, tukishindana nani ana jiwe kubwa; mimi nilianguka na langu, nikatoka nimepakwa tope kama ukuta, na watu wote wakacheka, hata mama. Dereva na utingo wake walifanya kazi upande wa pili.

Magogo yalipokaa sawa, dereva aliyakagua, akashika kiuno. "Mama, gari hili likizama nitamwambia nini bosi?"

"Mwambie lilizama likiwa kazini," alisema shangazi.

Lori likaingia polepole. Magogo yalilia. Gurudumu moja likateleza, mama akanishika bega hadi likauma. Kisha injini ikanguruma, lori likapanda ukingo wetu likipiga honi, na vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena hata harusini. Jua lilikuwa bado lipo kapu la mwisho lilipopakiwa.

Kiangazi kilipofika, wanaume walikwenda kwa shangazi na magogo mapya mabegani, wakamwezekea nyumba. Baba ndiye aliyepanda juu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shangazi alikuwa na uhakika wa kila kitu siku ile. Nikiwa tayari mtu mzima, tukimenya viazi jikoni kwake, nilimuuliza alijuaje kwamba watu watamfuata. Alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Nilijuaje? Mwanangu, nilikuwa naomba Mungu nisiachwe peke yangu, nionekane mwendawazimu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilidhani watu wa kujitolea huzaliwa bila woga, kumbe naye woga alikuwa nao. Alitembea nao tu hadi mtoni.

Mwaka huu mtaro wa mtaa wetu uliziba, maji yakaanza kuingia vyumbani. Tulilalamika wiki nzima. Jumamosi asubuhi nilitoka na jembe, macho ya majirani yote mgongoni. Nilichimba peke yangu kitambo, hadi aibu ikaanza kunipanda. Kisha nyuma yangu geti likafunguka, na mama wa nyumba ya pili akaniuliza, "Jirani, nianzie wapi?"