Asubuhi Piki ya Papa Ilipokataa Kuwaka

Enzi zetu hapa Bunia, pikipiki haikuwa chombo, ilikuwa mkubwa wa nyumba. Asubuhi tulimsalimia Papa, halafu piki, halafu ndiyo Mama. Harufu ya petroli iliingia hata ndani ya sufuria ya sombe. Bateri nayo Papa aliitoa kila jioni na kuilaza ndani, akisema anaiogopea wezi na baridi.

Nakumbuka asubuhi ya egzame yangu ya kumaliza shule ya msingi. Saa moja na nusu mlango wa shule unafungwa. Ukichelewa, mwaka mzima umekwenda na maji. Papa alikuwa ametangazia avenyu yote kwamba mutoto wake hatafika na vumbi miguuni kama watoto wa watu. Nikapanda nyuma, kalamu mfukoni. Papa akapiga kiki. Kimya. Akapiga kiki mia tatu, na hapo nahesabu kwa upole.

Majirani wakatoka na miswaki mdomoni, kila mmoja daktari. Mmoja akasema ni bujia, ile plagi ya kuwasha moto. Wakaifungua, wakaipangusa kwa shati la Papa la kanisani. Mwingine akasema petroli imeisha. Wakatikisa tangi, ikaitika. Mama mmoja akashauri tuombe. Mwishowe akafika fundi Dieudo. Hakushika hata spana, alibonyeza honi tu. Ikalia kama kifaranga mwenye mafua.

"Papa, bateri imekufa. Na hii piki bila bateri, kiki ni kazi ya bure."

"Haiwezekani! Imelala ndani!"

"Ndani ilikuwa inafanya nini?"

Papa akaangalia mawingu. Mama ndiye aliyejibu: "Ilikuwa inasikiliza habari mu radio. Jana imesikiliza hata mupira."

Avenyu ikacheka mpaka kuku wakakimbia. Lakini saa ilikuwa inakwenda, na machozi yalinitoka. Nikataka kushuka nikimbie kwa miguu.

"Weye, bakia juu!" Papa akanikemea. "Nilisema utafika na piki, utafika na piki!"

Basi wakanisukuma. Madaktari wote wa bujia na petroli, Mama na kitenge kiunoni, Papa mbele ameshika usukani kwa heshima zote, hadi shuleni juu ya kilima. Mlinzi alikuwa ameshaishika kufuli. Alipoona ule msafara, akafikiri inspekta amefika. Akafungua mlango wote.

Nilifaulu. Watu walisema ni akili. Akili gani? Mtu aliyesukumwa na avenyu nzima anaanzia wapi kuanguka?

Vijana wetu wa leo wana piki za kubonyeza. Ikikataa, anabonyeza mpaka bateri inakata roho, halafu anaipiga picha na kuandika kwamba maisha ni magumu. Mwambie ajaribu honi, anakuangalia kama umemtajia gari la Farao.

Juzi piki yangu ilikataa mbele ya nyumba. Honi ikalia kidogo, nikajua ugonjwa. Nikakaa juu yake, nikangoja majirani watoke. Mmoja alichungulia juu ya ukuta, akanisalimia vizuri kabisa, akarudi ndani. Nikangoja tena kidogo. Halafu nikashuka, nikaisukuma mwenyewe.