Visigino vya Baba Mkwe

Siku niliyonusurika kumkosa bibi yako Nyangeta kwa sababu ya gundi ya nyuki, mjukuu wangu, naikumbuka vizuri, maana wakwe zangu wa Kabasa hawakuniacha niisahau.

Nilikuwa kijana, nikifuga nyuki Bugwema pamoja na shangazi yangu. Ile gundi nyuki wanayozibia nyufa za mzinga ni dawa ya ngozi iliyopasuka. Shangazi aliisaga, akailoweka kwenye mafuta ya alizeti, kisha akaipasha kwa maji ya uvuguvugu, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka mafuta yabadilike rangi. Mimi nikaona ananichelewesha. Nikailoweka yangu kwenye gongo, ile pombe kali ya kienyeji, na kweli, rangi ilikolea upesi.

Nikabeba chupa hiyo kwenda kujitambulisha kwa baba yake Nyangeta, mzee wa kanisa ambaye hata togwa iliyolala ikaanza kuchacha aliikataa. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka vibaya. Nikampa dawa, akajipaka hapo hapo, tena kwa ukarimu.

Mzee aliruka kutoka kwenye kochi akipiga yowe. Mkewe akaja mbio kutoka jikoni, akasimama mlangoni, akanusa.

"Baba Nyangeta, umeanzaga lini?"

"Siyo mimi! Ni miguu!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nyangeta alijifunika uso kwa kanga, sijui analia au anacheka, na mimi nilimpenda yule binti, jamani! Mzee akanionyesha mlango. "Posa yako kaipeleke kilabuni."

Shangazi, aliyenisindikiza, aliomba radhi, kisha akanigeukia mbele yao wote. "Hii dawa ulikuwa unamtengenezea nani? Ungejiuliza hivyo tu, ungeshika alizeti." Maneno yale yaliniuma kuliko visigino vya mzee.

Tukarudi Bugwema. Nilikaa na sufuria siku nane, moto mdogo, adabu kubwa. Nilipopeleka mafuta, mama mkwe aliyanusa, akayanusa tena, ndipo akamruhusu mumewe. Baada ya wiki kadhaa mzee alituma ujumbe kwamba anavaa viatu vya ibada bila kuchechemea, basi nije na wazee wangu.

Mjukuu wangu, ukitengeneza kitu cha kumpa mtu, mfikirie kwanza huyo mtu: ngozi yake, imani yake, na mkewe mwenye pua kali. Usichague njia kwa sababu tu ni ya haraka. Mungu akujalie utulivu katika kazi yako, akupe na wakwe wanaosamehe. Wangu walisamehe, ndiyo maana na wewe ukazaliwa.