Dua ya Umri wa Nuhu

Mama mkwe wangu nilimchukia, na sioni haya kusema. Kila asubuhi, pale kwake Kisarawe, nilipiga magoti mlangoni nikamwamkia shikamoo. Kuitikia marahaba hakukumtosha. Alingoja nimalizie: Mungu akupe umri wa Nuhu, mama. Nikisahau, basi siku nzima maji niliyoteka yana tope, na mimi ni mtoto asiyefunzwa na mamaye.

Katika chuo cha Kurani tulisoma kwamba Nabii Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, ndiyo maana kwetu anayetakiwa maisha marefu hutajiwa yeye. Yupo na Nabii Hidhri, ambaye wanasema alikunywa maji ya uhai. Lakini bibi yule alimtaka Nuhu, na alimtaka kila siku.

Ilikuwa zamani za Mwingereza. Mume wangu alikuwa mbali akikata mkonge, kwa hiyo ruhusa ya kutoka niliiomba kwa mama yake. Siku moja kaka yangu akaja kwa miguu kutoka Visiga: mama yetu hajiwezi, ananiita. Nikaenda kuomba.

"Na mpunga nani atauamia?" akasema. "Ndege wataumaliza. Nyie mama zenu wakikohoa tu mnaitana."

Kaka akarudi peke yake. Nilikaa shambani siku tatu nikifukuza ndege na kulia. Siku ya nne nikatoroka. Nilipofika Visiga, wanawake walikuwa wanaosha masufuria ya matanga.

Nilirudi Kisarawe kwa sababu watoto wangu walikuwa huko, si kwa kingine. Asubuhi nikapiga magoti. Akanipa pole ya mdomoni, kisha, hana hata soni, akangoja dua yake. Nikampa kwa moyo wangu wote.

"Mungu akupe umri wa Nuhu, mama, uwazike wote unaowapenda."

"Amina," akaitikia kwa mazoea. Halafu akanitazama.

Umri aliupata. Alimzika dada yake, akawazika binti zake wawili. Mwaka uliofuata mume wangu akaletwa kutoka kwenye mkonge ana homa, hakumaliza wiki. Tulipotoka kumlilia, mama mkwe alinishika mkono mbele ya wanawake.

"Dua yako imepokelewa," akasema.

 Siku nilipoomba dua ile nilimwona yeye tu. Sikukumbuka kwamba aliyempenda kuliko wote ni baba wa watoto wangu.